Joto Halimo Ndani ya Makaa

Kuna usemi mmoja ambao masikio yangu yamekwisha kuuchoka. Ni huu: "Makaa ya Ngaka yana joto jingi." Nimeusikia mikutanoni, nimeusikia redioni, na juzijuzi nimeusikia kwa mjukuu wangu wa kidato cha tatu, aliyekuwa akiukariri kutoka katika daftari lake kama mtu asomaye dua. Nathubutu kusema kuwa usemi huu ni wa uongo, na kwamba uongo wake haukukomea katika fizikia. Umeingia katika hesabu za wilaya yetu na katika hotuba za wakubwa, na unatugharimu.

Mimi si mchimbaji wala si mwanasiasa. Nilifundisha fizikia katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi, nikamalizia utumishi wangu nikiwa mkuu wa chuo, na sasa nalima kahawa yangu huku Umatengo. Kila nisafiripo kwenda Songea huyaona malori ya makaa yakiingia barabara kuu pale Kitai, yakinguruma kwa uzito. Ndugu msomaji asiyependa fizikia asinikimbie. Hakuna hesabu humu inayozidi ile ya dukani.

Tuanze na maneno mawili ambayo Kiswahili kinayo tayari: hali na njia. Viko vipimo vinavyotueleza kitu kilivyo sasa hivi, bila kujali kimefikaje hapo. Viko vingine vinavyoeleza safari yenyewe, na nje ya safari havina maana. Darasani niliviita vipimo vya hali na vipimo vya njia. Mama anayetoka Mbamba Bay na kikapu cha usipa kwenda kuuza Mbinga anaanzia ziwani, ambako maji yako kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na anapanda hadi mjini milimani, juu zaidi kwa mamia ya mita. Tofauti hiyo ya kimo ni ile ile, awe amepanda basi katika barabara ya lami ya kilometa 66, awe amekata vilima kwa miguu kama walivyofanya bibi zake. Kimo ni kipimo cha hali. Lakini umbali aliokwenda, jasho lililomtoka, nauli aliyolipa, na usipa ulioharibika kabla ya kufika sokoni, hivyo ni vya njia. Ukimkuta ameketi sokoni Mbinga huwezi kumtazama miguu ukasema, "Mama huyu ana kilometa 66 ndani yake." Atakucheka, na soko zima litamsaidia kucheka.

Basi elimu ya joto imejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo. Halijoto, kanieneo, ujazo na nishati ya ndani ni vipimo vya hali. Kwa hivyo vyote, methali ya wahenga inafaa kabisa: yaliyopita si ndwele. Maji ya nyuzi 60 ni maji ya nyuzi 60, hayana kumbukumbu ya jiko wala ya jua. Joto na kazi, hivyo ni vipimo vya njia. Joto ni jina la nishati wakati inapovuka kutoka kitu cha moto kwenda kitu cha baridi. Ikishavuka, jina hilo limekwisha. Tazama jinsi lugha yetu ilivyo na akili: wataalamu walipotafuta jina la kile kinachosomwa kwenye kipimajoto walisema "halijoto", wakaiweka hali mbele, wakaliacha "joto" peke yake kwa kile kinachopita. Ajabu ni kwamba tumepewa maneno mawili, nasi twayatumia kama moja.

Anayeniona mbishi na aende kwenye mashine ya kusaga. Mahindi yanaingia yakiwa baridi, unga unatoka wa moto hata mwenye debe anaubadilisha mkono. Nani aliuwashia moto? Hakuna. Kinachozunguka kimefanya kazi juu ya mahindi, na unga umepata halijoto ile ambayo ungeipata vilevile ukiwekwa juani au karibu na jiko. Nikupe madebe mawili ya unga wenye halijoto moja, moja limetoka mashineni na moja limetoka juani. Hakuna kipimo duniani kitakachokuambia lipi ni lipi. Sasa uliza: ndani ya debe hili mna joto kiasi gani? Swali halina jibu, kwa maana debe moja halikupokea joto lolote, lilipokea kazi. Mwingereza James Joule alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1840 kwa kuzungusha makafi ndani ya chombo cha maji kwa uzito uliokuwa ukishuka, akapima maji yalivyopata moto pasipo moto.

Na hapa ndipo penye utamu wa somo. Joto peke yake linategemea njia. Kazi peke yake inategemea njia. Lakini jumla ya hivyo viwili haitegemei njia kamwe. Uupashe unga nusu kwa jua na nusu kwa mashine, au robo kwa hiki na robo tatu kwa kile, jumla iliyoingia ni ile ile maadamu mwanzo na mwisho ni vile vile. Vitu viwili visivyo na msimamo vinajumlishwa na kutoa kitu chenye msimamo. Jumla hiyo ndiyo badiliko la nishati ya ndani. Kwa maoni yangu hilo ni moja ya mambo mazuri kabisa aliyopata kuyagundua binadamu, na inasikitisha kwamba shuleni hupitishwa kwa sentensi moja ya kukariri.

Usemi wa "joto lililomo" haukuzuka hivi hivi. Ulaya ya zamani iliamini kwamba joto ni kimiminika kisichoonekana, kinachojificha ndani ya vitu na kuvuja kutoka humo. Kiliitwa kaloriki. Lavoisier, Mfaransa, alikiorodhesha mwaka 1789 pamoja na elementi, ubavuni mwa oksijeni. Mwaka 1798 Count Rumford, aliyekuwa akisimamia utoboaji wa mizinga kule Munich, alionyesha kwamba chuma kinachokerezwa hutoa joto bila kikomo maadamu farasi wanaendelea kuzungusha. Kama kimiminika kingekuwa kimejificha ndani ya chuma, kingekwisha. Hakikuisha. Kaloriki ikafa na kuzikwa, lakini mzoga wake umefukuliwa na kuwekwa katika madaftari ya watoto wetu.

Nilikuwa na mwanachuo mmoja, kijana mwenye kichwa kizuri, ambaye katika mtihani aliulizwa ni joto kiasi gani lililomo katika kilo mbili za maji ya nyuzi 80. Aliandika kwamba swali halijakamilika: aelezwe kwanza maji yametoka hali gani kwenda hali gani, na kwa njia ipi. Akapewa sifuri. Nilipofuatilia nilijibiwa kwamba jibu lake halimo katika mwongozo wa kusahihishia. Ni kweli halikuwemo. Mwongozo ulikuwa na kaloriki.

Sasa twende Ngaka. Mgodi ule ulianza kuchimbwa mwaka 2011, na kampuni iliyouanzisha ilikuwa ya ubia, Shirika la Taifa la Maendeleo likiwa na hisa 30 katika kila 100. Mwaka 2016 serikali ilizuia makaa ya kutoka nje ili viwanda vyetu vya saruji vinunue ya nyumbani, na malori yakaongezeka. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei ya makaa duniani, makaa ya Ruvuma yalipakiwa melini pale Mtwara kwenda Ulaya na India. Kila hatua ilitangazwa kwa tani. Tani kadhaa mwaka huu, tani zaidi mwaka ujao, makofi.

Mgeni mmoja mwenye shahada alitujia kijijini, nami nikamwuliza ule mpango wa kituo cha umeme hapo hapo Ngaka, uliozungumzwa tangu mwanzo, umeishia wapi. Alinijibu kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu. Lakini Mwalimu, makaa ni yale yale. Yakichomwa Ngaka, yakichomwa Tanga, yakichomwa Ulaya, joto lake ni lile lile. Hiyo si sheria ya fizikia?" Watu wakanitazama. Naye, kwa hakika, alikuwa ameshika hoja yenye nguvu kuliko zote za upande wake, na inafaa ijibiwe kwa heshima.

Ni sheria, ndiyo. Ilitolewa na Hess mwaka 1840, huko St Petersburg. Chukua gramu 12 za kaboni safi. Ukiziunguza zikawa kaboni dayoksaidi, zinatoa kilojuli 393.5. Ukiziunguza katika hewa haba zikawa kaboni monoksaidi, zinatoa kilojuli 110.5, kisha gesi hiyo ukiiunguza tena, inatoa 283.0. Jumlisha: 393.5. Njia mbili, jumla moja. (Mtu anayelala chumba kilichofungwa pamoja na jiko la mkaa hukutana na gesi ile ya katikati, na kwake yeye njia si jambo dogo hata kidogo.)

Lakini Hess hakusema kwamba joto ni kipimo cha hali. Hesabu yake ina masharti mawili ambayo mgeni wetu aliyaruka: kanieneo isibadilike, na kazi isichukuliwe. Yaani umezifunga njia zote nyingine, ukaacha moja tu wazi. Hapo joto halina budi kulingana na tofauti ya kipimo fulani cha hali, kinachoitwa enthalpi. Fungua njia nyingine, weka mtambo katikati uchukue kazi, na joto linalotoka litapungua kwa kadiri ile ile ya kazi uliyoichukua. Mwanzo ni ule ule, makaa na hewa. Mwisho ni ule ule, majivu na gesi. Ila mara moja umepata joto tupu, na mara nyingine umepata joto pamoja na taa, pampu na mashine ya kuranda mbao.

Kwa hiyo ninasema hivi, nami ninataka wakubwa wanisikie. Katika makaa ya Ngaka, hasara ni ya hali na faida ni ya njia. Shimo lililobaki ardhini halitegemei makaa yamekwenda wapi. Makaa yaliyotokana na mimea ya zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita yakiisha yameisha, yawe yamechomwa kwa akili au kwa upumbavu. Hewa nayo haiulizi njia: kila kilo 12 za kaboni zikiungua kikamilifu ni kilo 44 za kaboni dayoksaidi, iwe Ngaka, iwe Tanga, iwe Ulaya. Hivyo vyote vinajulikana siku unapotaja tani. Kilicho cha njia ni kazi iliyopatikana na waliopata kazi hiyo. Anayetutangazia tani peke yake ametusomea ukurasa wa hasara, na anatarajia tumpigie makofi.

Wala sisemi kwamba kila kinachokwenda mbali kimepotea. Tanuri ya saruji inahitaji joto lenyewe, tena joto kali, nyuzi 1,450 hivi. Pale joto ndilo linalotakiwa, na kupeleka makaa huko ni halali yake. Nyumba ninamoishi ina saruji. Ninachokataa ni kudhani kwamba matumizi yote ni sawa kwa kuwa "joto ni lile lile".

Wako pia wa upande wangu wanaotia chumvi. Husema lori hula njiani zaidi ya linachobeba. Tufanye hesabu. Tuseme lori limebeba tani 30, na kila kilo ya makaa ikiungua inatoa megajuli 25. Hizo ni megajuli 750,000. Tuseme safari ya kilometa 1,000, kwenda na kurudi, inakula lita 750 za dizeli, na kila lita ni kama megajuli 36. Hizo ni megajuli 27,000, chini ya sehemu 4 katika 100. Kwa hiyo lori haliyali makaa yake. Hoja ya kweli iko kwingine. Sadi Carnot, Mfaransa kijana, alionyesha mwaka 1824 kwamba hakuna mtambo unaoweza kugeuza joto lote kuwa kazi, na kwamba kikomo kinategemea halijoto ya juu na ya chini. Kwa mvuke wa nyuzi 540 na maji ya kupozea ya nyuzi 30, kikomo ni sehemu 63 katika 100. Mitambo halisi hupata theluthi moja au zaidi kidogo. Theluthi ya lori lile moja ni uniti 69,000 za umeme hivi. Theluthi mbili zinazobaki hutupwa hewani na majini mahali kituo kilipo, na hata hilo joto la kutupwa lingeweza kukausha mbao na muhogo, kama kituo kingekuwa karibu na watu wenye mbao na muhogo.

Jambo hili halikuwa ndoto. Kiwira walikuwa na kituo chao kidogo cha megawati 6, cha makaa, pamoja na mgodi uliofunguliwa mwaka 1988 kwa ushirikiano na China. Na huku kwetu? Mpaka umeme wa gridi ulipofika Songea kutoka Makambako mwaka 2018, mji ule ulitegemea sana jenereta za dizeli. Hesabu mwenyewe: 2011 hadi 2018, miaka saba, makaa yalipanda kwenda kaskazini na dizeli iliteremka kuja kusini, katika barabara moja. Madereva walipigiana honi. Sijui kama kuna wilaya nyingine duniani iliyokalia kuni na kununua moto kwa jirani namna hiyo.

Wazee wetu hawakuwa na shahada, lakini jambo la njia walilijua. Mvua inyeshapo juu ya mlima wa Umatengo, lazima ifike bondeni. Kimo inachokipoteza ni kile kile. Ikiachwa iende itakavyo, nguvu ya kushuka kwake yote inamalizikia katika kuchimba udongo na kuubeba. Babu zetu wakabuni ngoro, mashimo yaliyopangwa mlima mzima kama sega la nyuki, nyasi zikiwa zimefukiwa katika kingo zake. Maji yanateremka bondeni vilevile, ila kwa hatua, yakituama na kunywewa na ardhi, na udongo unabaki kulisha mahindi na maharage. Mwanzo ule ule, mwisho ule ule. Na pale Tulila, mto Ruvuma ulikuwa ukiporomoka bure tangu zamani, mpaka masista Wabenediktini wa Chipole walipoweka mitambo na kuanza kutoa umeme mwaka 2015. Mto haukupoteza kimo zaidi ya ulivyozoea. Ulipitishwa njia nyingine tu.

Ukimwambia Mmatengo kwamba maji yatafika bondeni vyovyote vile, hivyo ngoro ni kazi bure, atakuona huna akili timamu. Lakini mtu huyo huyo akiambiwa makaa ni yale yale popote yachomwapo, anatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa ameambiwa kwa lugha ya kitaalamu na mtu aliyeshuka garini. Hapa ndipo shule ilipotuangusha. Mtoto aliyefundishwa kwamba joto limo ndani ya makaa anakua na kuamini kwamba utajiri nao umo ndani ya ardhi, umekaa, unasubiri kuhesabiwa. Haulizi njia. Anauliza tani ngapi na bei gani, na akishatajiwa anadhani ameelezwa kila kitu. Fedha za ushuru zikija anashukuru, zisipokuja analalamika. Swali la kazi gani ilifanyika, na wapi, halimjii, maana hakufundishwa kwamba lipo.

Nimependekeza jambo moja dogo tu. Ripoti ya makaa ya kila mwaka, pale penye safu ya tani, iongezewe safu mbili: kiasi gani cha makaa hayo kilitoa kazi na kiasi gani kilitoa joto tupu, na kazi hiyo ilifanyika ndani ya mkoa au nje. Nilimpelekea diwani wetu karatasi yenye safu hizo nimezichora kwa rula. Ni mtu mwema, alinikaribisha chai. Aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akasema, "Mzee, safu ya kwanza naweza kuijaza leo. Hizi mbili nitampata wapi wa kunipa takwimu?" Nikamwambia atume mtu mgodini, na yeye mwenyewe aanzie hapa jirani, kwenye mashine ya kusaga, amwulize mwenye mashine umeme wake unatoka wapi. Akasema hilo analijua bila kuuliza: unatoka Makambako.